Mathenge ikivuka ua

Pole sana dada. Unasema mathenge, ule mti wa miiba, wa shamba la jirani asiyekaa hapo Marigat, Baringo nchini Kenya, imeingia kwako, na kila ukiikata inarudi nene zaidi. Itarudi tu, kwa sababu panga linakata juu, ilhali macho yanayochipua yamo chini kidogo ya udongo, pale shina linapokutana na mzizi. Chukua sururu, fukua kisiki pande zote kiasi cha shubiri moja au mbili, kisha ukate mzizi mkuu chini ya hapo. Vaa viatu vya soli ngumu, maana miiba yake hutoboa hata tairi. Miche michanga ing'oe kwa mkono mvua ikishanyesha, udongo ukiwa laini.

Lakini kinachokurudisha nyuma hasa ni maganda yake yenye mbegu. Mbuzi wanayapenda kwa utamu wake, na mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa nzima, zikaota kwenye samadi. Yaokote mapema, yaanike, uyapeleke kwenye mashine yasagwe pamoja na mbegu zake. Unga huo, ukichanganywa na malisho mengine, ni chakula kizuri cha mifugo, na mbegu iliyosagwa haioti tena.

Jirani mtafute kupitia mzee wa kijiji. Mti huu uliletwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni, lakini mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu haribifu. Mwombe akuruhusu kufukua visiki vya upande wake pia, na mahali palipobaki wazi panda nyasi bila kuchelewa.