Usitume amana kabla hujajua nani yuko zamu ya usiku

Mkuu, simamisha hayo malipo. Unasema mzee wako amepooza upande mmoja, umelinganisha makao mawili ya kutunzia wazee kwa kupitia tovuti zao, umependa lile lenye bustani na "uangalizi wa saa 24", na kesho unatuma amana. Unauliza pia umshawishi vipi mzee akubali kuhama, na vitu gani vya nyumbani aende navyo. Mimi nina neno moja tu: usiku yuko nani?

Mama yangu alipata kiharusi, akawa hawezi kujigeuza kitandani. Tovuti ya makao tuliyompeleka ilikuwa na hayo hayo maneno ya saa 24, na chini yake picha ya muuguzi aliyevaa sare, ameshika mkono wa bibi. Sisi watoto tukaelewa kwamba muuguzi yupo usiku na mchana. Kumbe muuguzi alikuwa anaondoka jioni. Usiku anabaki mhudumu mmoja kwa ghorofa mbili, na muuguzi "anapatikana kwa simu". Kisheria hawakudanganya, maana mtu alikuwepo ndani ya jengo saa zote 24. Lakini mhudumu mmoja hawezi kumgeuza mgonjwa huyu, kumpeleka yule chooni, kumtuliza wa tatu mwenye demensia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu) anayetafuta mlango wa kutokea, halafu arudi kwa wa kwanza kwa wakati. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa chache, usiku kucha, la sivyo damu haifiki vizuri pale mfupa unapokandamiza ngozi. Mama akapata vidonda vya kulalia, nyongani na kisiginoni. Cha nyongani kilifika ndani kabisa. Mchana tulipomtembelea alikuwa amechanwa nywele na shuka safi. Nani angefunua kisigino?

Na yule "mshauri wa bure" wa tovuti ya kutafutia makao, huyo sijamsamehe. Alipiga simu asubuhi na jioni, nafasi ni ya mwisho, familia nyingine inaitaka. Hakusema kwamba makao ndiyo yanayomlipa kamisheni mzee akishaingia. Tulipompigia kuhusu vidonda, hakupokea tena. Ukikutana na huduma ya namna hiyo, uliza kabla ya lolote: nani anakulipa?

Picha zisikuhadae. Chukua moja uitafute kwenye intaneti. Yule bibi wa miwani aliyetupendeza nilimkuta anatabasamu kwenye tovuti za makao matatu tofauti. Nyota ambazo watu huyapa makao mtandaoni nazo zipime kwa akili: aliye na mzazi ndani haandiki ubaya kwa jina lake, anaogopa mzazi ataonewa.

Kama nchi yako ina mamlaka inayokagua makao, soma ripoti yake, siyo muhtasari ulionakiliwa na wenye makao. Kule England, tangu Aprili 2015, makao yanalazimika kuonyesha daraja la ukaguzi kwenye tovuti yao yenyewe. Marekani, serikali inachapisha saa za wauguzi kwa kila mkazi wa nyumba za uuguzi zinazopokea fedha za Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali. Takwimu hizo zinatoka kwenye rekodi za mishahara, na za wikendi zinaonyeshwa peke yake. Ndiyo aina ya habari unayoitaka, na kwenye ukurasa wenye bustani huipati.

Kwa hiyo omba kwa maandishi: wahudumu wangapi usiku, wakazi wangapi, muuguzi yumo ndani ya jengo au yuko kwa simu, na nani anaandika kila mara mzee anapogeuzwa. Omba kuona rosta (orodha ya zamu) ya wiki iliyopita, siyo ya wiki ijayo. Majibu yaingie kwenye mkataba. Wakisema hizo ni siri za ndani, funga ukurasa.

Ya kumshawishi mzee na vitu vyake wadau wengine watakujibu. Wewe leo saa tatu usiku piga namba ya makao yale, omba kuongea na muuguzi wa zamu, kisha utuandikie hapa nani alipokea.