Kihamba na binti

Pole na msiba wa mzee wako, dada. Umeuliza kama kaka zako wako sahihi wanaposema binti wa Kichagga hapati kihamba, yaani shamba la ukoo. Kwa mila ndivyo wazee walivyozoea, na hata Tamko la Sheria za Mila la 1963 linambana mwanamke kwenye ardhi ya ukoo. Tamko hilo ndilo watakalokutupia, jiandae.

Lakini Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza ubaguzi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alishaamua mwaka 1990, kesi ya mama wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, kwamba haki ya mwanamke ni sawa na ya mwanaume.

Sasa fanya hivi. Usisaini muhtasari wa kikao cha ukoo kama hukubaliani nao, hata shangazi akikulilia (watakulilia!). Nenda Mahakama ya Mwanzo uangalie kama kuna aliyefungua mirathi. Kama yupo, weka pingamizi kabla hajateuliwa kuwa msimamizi. Akishateuliwa bado unaweza kuomba atenguliwe, ila ni safari ndefu zaidi. Huna hela ya wakili? Ulizia kwenye kata wasaidizi wa kisheria, huduma yao ni bure.

Mzee aliacha wosia wa maandishi? Hujasema, na hilo linabadilisha mengi.