Mwanangu, kuhusu bwawa lako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza jogoo aliwika katikati nikakosa nusu yake. Unauliza upande nini kuzunguka bwawa jipya nyuma ya nyumba, na unasema wachimbaji wamekushauri miembe mitatu ya kivuli na utupa wa kufukuza fuko. Nimeona nikuandikie, mambo ya simu husahaulika.

Nianze na utupa, maana ndio ulionishtua. Baba yangu, utupa ni sumu ya samaki! Tulipokuwa wasichana hapa Songea tuliwaona wazee wakitwanga majani yake na kuyatia kwenye vidimbwi vya mto. Hukai sana, samaki wanaelea matumbo juu, kwa sababu sumu ile huwazuia kutumia hewa iliyomo majini. Siku hizi kuvua hivyo ni kosa kisheria. Sasa wewe umenunua vifaranga 150 vya perege, halafu uwapandie utupa ukingoni, majani yadondoke humo kila upepo ukivuma? Fuko watege. Na kama una uzio wa minyaa, usiusogeze huko, utomvu wake nao huua samaki.

Miembe nayo hapana. Marehemu baba yako alipanda mparachichi hatua mbili tu kutoka kwenye tuta la bwawa letu. Ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki. Mwaka wa nne maji yakaanza kupungua bila sababu tunayoiona. Tulipolikausha bwawa tukakuta mizizi imepenya tuta, na kila palipopita mzizi maji yamepata njia. Tuliukata mti, lakini mizizi ilipooza ndani ya tuta ikaacha matundu, ikabidi tuta lote lisindiliwe upya. Halafu kivuli unakitakia nini? Perege anakula ule ukijani wa majini, na ukijani unataka jua. Zamisha mkono polepole: kiganja kikipotea machoni maji yakiwa kwenye kiwiko, ukijani unatosha. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo tu, umezidi. Acha kutia samadi, la sivyo alfajiri utawakuta wanatwetea juu ya maji.

Kwa hiyo juu ya tuta panda ukoka tu, uukate uwe mfupi. Najua utawaza viazi vitamu, kwa kuwa unapenda matembele. Lakini viazi huwaita fuko, na siku ya kuvichimba utakuwa unabomoa tuta kwa jembe lako mwenyewe.

Bustani yenyewe iweke upande wa chini, maji yanakoelekea. Pale panapobaki na unyevu panda magimbi, nyuma yake migomba, kisha mipapai. Mchaichai uweke mstari mmoja chini ya tuta, unashika udongo na chai utapata. Baada ya hapo ni mboga zako: mchicha, chainizi, bamia, nyanya chungu. Hizo zimwagilie maji ya bwawa, uyachote chini kwenye tope, ndiko kinyesi cha samaki kinakojikusanya. Mimi tangu nianze kufanya hivyo sijanunua mbolea ya mchicha. Mwagia shinani, si kwenye majani, hasa kama kuna kitu mtakachokila kibichi. Ila kiangazi cha huko Morogoro chota kwa kipimo, usitoe maji usiyo na namna ya kuyarudisha.

Majani yaliyotobolewa na wadudu yakatekate uwarushie perege. Lakini dawa za dukani za wadudu usizipulizie kabisa upande huo. Nyingi ni kali mno kwa samaki, na mvua moja inatosha kuzifikisha bwawani.

Mwambie mkwe wangu yale maua ya zambarau aliyoyaona Mwanza yanayoelea ziwani asiyalete. Ni mazuri, sikatai. Ndiyo hayo magugu maji yaliyoziba mialo ya Ziwa Victoria miaka ya 1990, kwenye kibwawa chako yatafunika kila kitu. Akitaka maua, apande mbele ya nyumba. Kingo za bwawa ziwe wazi, bila majani yanayoning'inia majini, kwani viluwiluwi vya mbu hujificha humo samaki wasivifikie, na konokono wa kichocho hupenda hapohapo.

Na uzio, kabla ya mboga yoyote. Mjukuu wangu ameshaanza kutembea.

Vipando vya magimbi na mashina ya mchaichai nimevifunga kwenye kiroba, vinakuja na basi la Alhamisi. Vikifika vizike kwenye udongo wenye maji jioni hiyohiyo, hata kama umechoka.

Mama yako