Nyambizi kuzamisha nyambizi, zote zikiwa chini ya maji: HMS Venturer, Februari 1945

Mdau aliyeuliza kama ni kweli nyambizi moja iliwahi kuizamisha nyingine zote zikiwa chini ya maji, na iliwezekanaje "bila kompyuta": ni kweli. Lakini kwanza tutenganishe mambo mawili. Nyambizi kuzamisha nyambizi si ajabu, ilitokea mara nyingi katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kwa kawaida mmoja akiwa juu ya maji. Venturer yenyewe, nyambizi ya Uingereza, ilifanya hivyo tarehe 11 Novemba 1944 huko Andfjord, kaskazini mwa Norway, ilipoizamisha nyambizi ya Kijerumani U-771. Kisa cha Fedje, kisiwa cha Norway, tarehe 9 Februari 1945, ni kingine kabisa: hapo iliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-864, zote mbili zikiwa chini ya maji.

Chombo chenyewe kilikuwa kidogo. Venturer ilijengwa Barrow na Vickers-Armstrongs, ikaingia kazini Agosti 1943. Urefu wake ni mita 62 na ushei, ina mirija minne ya kurushia topido (makombora ya chini ya maji), yote omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma, hakuna kitu. Topido nane tu: nne mirijani, nne za akiba. Nahodha alikuwa Luteni James Launders. Doria zake zilikuwa za pwani ya Norway, kuwinda meli za mizigo zilizowahudumia Wajerumani. Meli ya Thor ilizama Machi 1944, Friedrichshafen mwezi uliofuata.

U-864 ilikuwa kubwa zaidi, karibu mita 88, ikielekea Japani na tani zipatazo 67 za zebaki ndani ya chupa za chuma 1,857, pamoja na vipuri vya injini za ndege za jeti. Injini yake ikaanza kutoa mlio usio wa kawaida, ikaamriwa kurudi. Waingereza walikuwa wakisoma mawasiliano ya Kijerumani, ndiyo maana Venturer ilitumwa eneo la Fedje. Wanaosema Launders alipewa mahali penyewe wanatia chumvi. Alipewa eneo, kumtafuta adui ilibaki kazi yake.

Sasa utaalamu. Saa 3:30 hivi asubuhi msikilizaji wa haidrofoni (chombo cha kunasa sauti za majini) alinasa mlio hafifu, kama wa injini ya boti ya wavuvi. Launders hakutumia Asdic, yaani sonar ya Waingereza, kwa kupiga mlio na kungoja mwangwi, kwa sababu mlio ule husikika hadi kwa unayemwinda. Alisikiliza tu. Shida ya kusikiliza ni kwamba unapata upande sauti inakotoka, hupati umbali. Chombo kilicho karibu kinachokwenda taratibu na kilicho mbali kinachokwenda kasi vinaweza kukupa vipimo vilevile vya upande. Dawa yake ni kubadilisha mwendo wako mwenyewe, kuandika upande mpya kila baada ya muda, kisha kuchora mistari kwenye karatasi mpaka ubaki mwendo mmoja unaoafikiana na yote. Baadaye walipoona mlingoti juu ya maji, wakapata na fununu ya kina: mlingoti ukitokeza, chombo hakiwezi kuwa chini sana.

Launders alingoja Mjerumani aibuke. Hakuibuka. Alikuwa akienda mshazari, kushoto kulia, kwa kujihami, na hapo ndipo alipojiponza, maana mshazari unaojirudia kwa mpangilio ni ratiba. Ukiufuata kwa saa mbili tatu unajua atageuka lini. Wakati huohuo betri za Venturer zilikuwa zikipungua. Kwa nyambizi ndogo ya dizeli na umeme, kila dakika ya kumfuata mtu chini ya maji inalipwa kwa betri.

Saa 6:12 mchana akarusha topido zote nne, moja kila baada ya sekunde 17.5, kwa kina tofauti. Topido ya Mark VIII hukimbia noti (maili za baharini kwa saa) 45 hivi, yaani mita 23 kwa sekunde. Chukua mfano wa umbali wa mita 2,700: safari ni dakika mbili. Adui anayekwenda noti 3.5 atakuwa amesogea mita 216 hivi, kwa hiyo unalenga mbele yake, si yeye. Na katika kila sekunde 17.5 anasogea mita 31 au 32. Topido nne zikipita njia moja zinafagia mita 95 hivi za mwendo wake, kubwa kidogo kuliko urefu wa U-864. Launders hakulenga aliko adui bali atakakokwepea. Mjerumani alisikia, akazama zaidi na kugeuka, akaziepa tatu, akaingia kwenye njia ya nne. Watu wote 73 walikufa.

Jambo moja husahauliwa: kurusha topido nne kwa mpigo huitikisa nyambizi yako. Topido ni nzito kuliko maji yanayoingia mahali pake, kwa hiyo omo hupungua uzito ghafla. Matangi ya kusawazisha yasipojazwa haraka, omo huinuka na unajianika juu ya maji mbele ya adui. Hewa iliyosukuma topido nayo ilirudishwa ndani, povu lisitokeze. Launders aliipeleka Venturer chini zaidi mara baada ya kurusha, kwani mirija ilikuwa tupu na kupakia upya si kazi ya dakika moja.

Kuhusu swali la pili la mdau, "iko wapi sasa?": Venturer iliuzwa kwa Norway mwaka 1946, ikaitwa Utstein, ikavunjwa chuma chakavu mwaka 1964. U-864 iligunduliwa na jeshi la majini la Norway mwaka 2003, imekatika, mita 150 chini, karibu maili mbili za baharini kutoka Fedje. Chupa za zebaki zimeliwa na kutu, na mwaka 2016 waliweka mchanga na mawe chini ya mteremko wa sakafu ya bahari hapo ili tope lisiporomoke nazo.