Taka za biashara: mkataba wa mzoaji hautoshi

Mleta mada, umeuliza taka za karakana yenu zinaishia wapi gari likishaondoka, na kama mkataba na mzoaji unatosha kuwa ushahidi. Nimeshika stoo ya kiwanda cha uchapaji miaka tisa. Mkataba hautoshi.

Na mimi niliuamini, mpaka siku nilipoomba kupanda lile gari. Tulikuwa na marobota ya maboksi safi, tumeyafunga kamba wenyewe wiki nzima yaende kurejelezwa. Kwenye kituo cha kupokelea taka robota moja likapasuka, yakamwagika matambara ya kufutia mashine, yamelowa wino na thina. Harufu ikatapakaa. Dereva wa kijiko, ile mashine ya kusukuma taka, hakuuliza mtu, akasukuma mzigo wote kwenye rundo la kufukiwa. Iliniuma, kwa sababu kosa lilitoka kwetu: mtu mmoja aliona uvivu kutembea hadi kwenye pipa la matambara.

Taka zikifukiwa kwenye dampo lililojengwa vizuri, chini kuna udongo wa mfinyanzi na turubai nene la plastiki, na juu yake mabomba ya kukusanya maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka. Taka zinazooza bila hewa hutoa gesi, karibu nusu yake methani, ambayo kwa miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Kwa hiyo gesi nayo inatakiwa ivutwe, ichomwe au izalishe umeme. Marekani mwenye dampo hutakiwa kwa kawaida kuliangalia miaka 30 baada ya kulifunga. Jalala la wazi halina lolote kati ya hayo. Maji yale meusi yanaweza kushuka hadi kwenye visima vya watu.

Wengine watakwambia "zinachomwa, zinaisha". Haziishi. Tanuri la maana (Umoja wa Ulaya unataka moshi wake ukae nyuzi 850 za Selsiasi kwa angalau sekunde mbili) bado huacha majivu kama robo au moja ya tano ya uzito. Yale laini yanayonaswa kwenye vichujio yana metali nzito, na hupelekwa kwenye dampo la taka hatari.

Sasa fanya hivi. Matambara ya mafuta na wino yakae kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, maana yakirundikana yanaweza kushika moto yenyewe. Taa za mirija zina zebaki, betri za gari zina madini ya risasi na asidi. Hizo na oili chafu zisiguse pipa la kawaida kabisa. Kisha mdai mzoaji stakabadhi ya mizani kutoka lango la mahali taka zinapoishia, yenye tarehe, uzito na namba ya gari, uilinganishe na daftari lenu. Sisi tulipoanza kulinganisha, safari mbili hazikuonekana kwenye mizani yoyote. Tulimbadilisha mzoaji mwezi huohuo.

Anza na stakabadhi za mwezi uliopita. Mzoaji akizungukazunguka, omba kupanda gari.