Majilio ya kwanza bila mama

Mama alifariki mwanzoni mwa Novemba. Matanga yakaisha, ndugu wakarudi makwao, na Dominika ya kwanza ya Majilio, majuma yale ya kungoja Krismasi, ikanikuta benchi la nyuma kanisani, macho kwenye shada lenye mishumaa minne, mmoja tu ukiwaka. Padre alituhimiza tukeshe. Mimi nilikuwa nakesha tayari, wiki ya tatu, kwa kukosa usingizi.

Nakuandikia wewe ambaye Desemba hii imekukuta hivyo. Tafakari nyingi za Majilio tunazosoma zimetoka Ulaya, ambako mwezi huu jua huzama alasiri na kila mtu yumo gizani pamoja na mwenzake. Kwetu Morogoro Desemba ni jua kali, maembe, na watoto kushonewa nguo za Krismasi. Giza lako unalibeba peke yako, mtaa mzima unang'aa. Watu watakuambia ujipe moyo, sikukuu hiyo inakuja. Wanakutakia mema. Lakini Kanisa lenyewe halina haraka hiyo: linawasha mshumaa mmoja, kisha linakaa wiki nzima na mitatu isiyowaka. Nawe usijilazimishe.

Sala zangu zilikauka. Rozari niliishika tu mkononi. Kilichonishikilia ni Zaburi ya 88, ambayo sikumbuki kuisikia ikihubiriwa. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila aya ya kushukuru mwishoni. Na bado imo katika Biblia, maana yake kuna aliyeona kilio cha namna hiyo nacho ni sala. Isome kwa sauti kama ilivyo, usiiongezee mwisho mzuri. Tarehe 14 Desemba, katikati ya Majilio, tunamkumbuka Mtakatifu Yohane wa Msalaba, mtawa na mshairi wa Hispania. Yeye alikamatwa na watawa wa shirika lake mwenyewe usiku wa tarehe 2 Desemba 1577, akafungwa Toledo katika chumba kidogo hadi Agosti iliyofuata. Humo ndimo alimotunga shairi kuhusu chemchemi anayoijua, ingawa ni usiku. Hakungoja kufunguliwa ndipo aijue.

Wanajumuiya walipokuja kusali nyumbani, nilikaa mkekani bila kufungua kinywa. Waache wakusalie. Na siku zikipita huli, hulali, au ukianza kuwaza kujidhuru, mwambie mtu leo hii na uende hospitali. Kutafuta daktari si upungufu wa imani.

Ila nililotaka hasa kukusimulia ni hili. Usiku mmoja umeme ulikatika. Nilikaa sebuleni bila hata kutafuta kiberiti. Nje, mlinzi wa nyumba ya jirani akakohoa. Ni mzee niliyemjua kwa salamu za jioni tu. Baada ya kitambo akakohoa tena, fimbo yake ikagonga ukuta wangu. Ikawa hivyo mpaka alfajiri. Sikumwona hata mara moja, lakini nilijua yupo, na kifua kikalegea.

Asubuhi nikampelekea chai.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Jana hukulala.”

Nikamuuliza amejuaje, na nyumba ilikuwa giza tupu.

“Nilikusikia unalia. Ndiyo nikawa napitapita upande wako.”

Nilirudi ndani nikafungua Zaburi ya 130, ile ya nafsi inayomngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi. Miaka yote nilidhani mlinzi pale ni mimi, kazi yangu ni kukaza macho mpaka nimwone Mungu. Nikarudi nyuma hadi ya 121, kwamba yeye aliye mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali. Nililia tena, ila kilio kingine.

Jioni umeme ukakatika kama kawaida. Uliporudi saa tatu usiku, sikuwasha taa mara moja.