Je, sambaza na maharagi hulisha kansa?

SWALI: Mume wangu ana kansa ya tumbo. Jirani ametuambia protini ndiyo chakula cha kansa, aache sambaza (samaki wadogo wa ziwani), mayai na maharagi. Tangu abaki na fufu na sombe (majani ya muhogo) tupu, ameshuka kutoka kilo 58 hadi 52. Tuendelee hivyo? – Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Hapana, mama. Mrudishie sambaza leo hii.

Ni kweli kwamba protini humeng'enywa ikawa asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyoijenga, na kwamba kansa huzihitaji sana, hasa glutamini. Seli ya kansa huchukua naitrojeni yake kujengea DNA ya seli mpya. Kaboni inayobaki huingia kwenye mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, ikawa nishati na malighafi.

Lakini glutamini haitegemei sahani. Misuli huitengeneza kila siku na kuiingiza katika damu. Mgonjwa akinyimwa protini, mwili huvunja nyama ya mapaja na mabega, na kansa inaendelea kuchota damuni kama kawaida. Zile kilo 6 zimetoka kwa mumeo. Akizidi kukonda, vidonda vitachelewa kupona na huenda dawa za kemo zikaahirishwa.

Ipo dawa inayonyima kansa asidi amino: asparajinasi, kwa leukemia ya limfoblasti, aina ya kansa ya damu. Seli nyingi za leukemia hiyo haziwezi kujitengenezea asparajini, mojawapo ya asidi amino, ya kutosha. Seli zenye afya huweza. Dawa huivunja asparajini ndani ya damu yenyewe, mahali ambapo kubadilisha chakula hakufiki. Hata hivyo huweza kuleta mzio mkali, kuvimba kwa kongosho na kuganda kwa damu, kwa hiyo hutolewa hospitalini tu. Si tiba ya kansa ya tumbo.

Mgonjwa wa kansa anahitaji protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mumeo ni 52 hadi 78. Mayai mawili yana 12 hivi, kikombe cha maharagi yaliyoiva 15, gramu 30 za sambaza kavu 17, konzi ya karanga 7. Jumla 51, fufu na sombe vitaongeza kidogo. Tumbo likijaa upesi, gawa chakula mara sita, na sambaza zisage ziwe unga wa kuchanganya katika uji. Kama figo zake zina shida, daktari ndiye apange kiasi.

Mpime kila wiki kwa mizani ileile. Akitapika kila anachokula, au choo kikiwa cheusi kama lami, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.